Mtu Mwenye Kifo Mwilini

Jumatatu, 6 Mei 1957

Nimeziba nyufa upande wa kushoto wa boti ya Kabwe. Mbao mbili za chini zilikuwa zimeoza, nimezitoa. Upepo wa kusini umeanza mapema mwaka huu, lami inaganda kabla sijaifikisha kwenye ufa. Nimeutukana upepo. Hakuna mwingine wa kutukana, pwani yote hii ya ziwa, hapa Nchelenge, imenikimbia.

Kabwe alikuja kuangalia kazi. Alisimama mbali, karibu na matete, akaniuliza maswali kwa kelele kana kwamba mimi ni kiziwi. Nikamnyooshea kipande cha ubao aone kilivyooza. Hakukipokea. Nikakiweka chini, nikarudi nyuma, ndipo akaja kukiokota. Huyu ni mtu niliyekula naye sahani moja tangu ujana. Aliposhika njia nilimwita anisubiri. Akapunga mkono, akaenda.

Simlaumu. Namlaumu kidogo.

Jumatano, 8 Mei

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika, ng'ambo kule Kasenga, Congo, nilipokuwa najifunza kuunda boti kwa Mgiriki. Hapa watu wanakijua cha kuuzia samaki tu. Kukisoma hawawezi. Afadhali.

Basi niandike mara moja, yatoke. Mke wangu Rhoda alikufa mwezi wa pili akizaa. Mimi nilikuwa kisiwani Chisenga natengeneza boti za kambi ya wavuvi. Upepo ulikuwa mbaya, habari ikachelewa. Nilipofika kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Mtoto yu hai, wa kike. Yuko kwa bibi yake, mama buko, mama mkwe wangu. Mdogo wake Rhoda ndiye anayemnyonyesha.

Kwetu mke akifa, ndugu zake ndio wanaomtoa mume kifo. Wanamfunga shanga nyeupe mkononi, anarudi kuwa mtu. Kabla ya hapo kifo kiko mwilini mwake. Hakuna anayeomba moto kwake, hakuna anayempa chumvi. Hapandi boti na wenzake, samaki watakimbia. Mtoto mchanga ndiyo kabisa, hamgusi, maana wanasema mtoto atakufa.

Ndugu za Rhoda wamekataa kunifunga shanga. Wanasema ni nchila. Maana yake mume amelala na mwanamke mwingine mkewe akiwa na mimba, na uchafu huo ndio unaomuua mke siku ya kuzaa. Wanataka nikiri kwanza. Nimtaje huyo mwanamke.

Hakuna mwanamke. Hajawahi kuwepo. Nimewaambia hivyo mpaka mdomo umechoka.

Jumapili, 12 Mei

Kanisani. Mhubiri amesema mambo ya shanga ni giza, Mkristo habebi kifo cha mtu. Watu wote wakaitikia amina, paa likatetemeka. Mimi nilikuwa peke yangu kwenye benchi. Mabenchi mengine walibanana hata mzee mmoja alikalia tako moja, lingine liko hewani ibada nzima.

Kikombe cha meza ya Bwana kilinifikia mwisho, baada ya watu wote. Mzee wa kanisa alipokipokea alikifuta kwa kitambaa. Akakifuta tena. Halafu akanitabasamia.

Nilirudi nyumbani na hasira nikala viazi vya jana.

Ijumaa, 17 Mei

Nimemwona mtoto.

Mama buko alikuwa anamwogesha uani. Nilisimama njiani. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, huo ni ustaarabu wetu, kwa hiyo nilijifanya natazama kuku. Kuku wenyewe walikuwa wawili tu, sikuwa na sababu ya kuwatazama muda mrefu vile. Mtoto ana kichwa cha Rhoda, kirefu kisogoni. Maji yalikuwa baridi, analia kwa hasira, ngumi zimekunjwa. Nikacheka. Mama buko akasikia. Akamfunika kitenge na kuingia naye ndani.

Jina sijaambiwa na mtu. Nimesikia watoto wa njiani wakimwita Mwape.

Jumamosi, 1 Juni

Boti ya Kabwe ilishushwa majini wiki iliyopita. Haivuji hata tone. Lakini nyavu zimerudi nyepesi, wavuvi wake wakasema ni zile mbao nilizoweka mimi. Zina kifo. Wamekataa kupanda.

Kabwe ameleta fundi kutoka Puta azing'oe. Mbao nzima, za mti mgumu wa mulombwa, nilizichagua mwenyewe! Nilikaa mlangoni kwangu nikimtazama. Anapiga nyundo kama anaua nyoka. Ameharibu na ubao wa jirani. Niliinuka nikamwelekeze, nikakumbuka, nikakaa.

Wameogopa hata kuzifanya kuni. Wamezitupa ziwani. Jioni mawimbi yakazirudisha, zimelala mchangani mbele ya nyumba yangu. Nimecheka peke yangu kisha sikucheka tena. Nimezipasua, nimepikia.

Jumatatu, 10 Juni

Hakuna kazi. Nimenoa tezo iliyokwisha nolewa.

Chumvi naweza kununua dukani, siyo hiyo. Ninachokosa ni yule mke wa jirani aliyekuwa anatufokea kwamba kila siku ni chumvi tu, kwani nyumba yenu hainunui? Rhoda alikuwa anasahau makusudi ili apate sababu ya kwenda kuongea. Sasa mke wa jirani akiniona anachota maji haraka, ndoo haijai, anaondoka.

Leo sijasikia sauti yangu. Nikamsalimia mbuzi wa mtu. Sauti imekwaruza.

Alhamisi, 20 Juni

Mtoto anakohoa. Wanasema ni mimi, kwa sababu nilisimama njiani nikamtazama.

Mjomba wake Rhoda amekuja. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo wao, neno lake ndilo neno. Alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mbali kidogo, akaongea kwa upole mkubwa. Alisema sema tu, mukwai, bwana wangu. Mwanamume ni mwanamume. Hakuna atakayekuchukia. Useme, tukufunge shanga, umshike mwanao, mambo yaishe. Unatuchosha na unajichosha.

Hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Nikiwa mzinzi watanipenda. Watanisamehe hata kabla sijamaliza kusema. Sina dhambi, basi hawajui wanifanyeje.

Nikamwambia hakuna mwanamke. Akatikisa kichwa kama mtu anayemhurumia mlevi.

Jumanne, 25 Juni

Nimepita kwa mbali, nyuma ya mashamba ya mihogo. Kikohozi chake kinasikika mpaka njiani. Kidogo, kikavu. Nilibaki kule mpaka jua likaniumiza.

Jumapili, 30 Juni

Sikwenda kanisani. Nimekwenda kaburini. Majani yameota, nimeyang'oa. Sikuomba. Nilikaa tu.

Rhoda angesema nini? Angenitukana kwanza. Alikuwa na mdomo. Halafu angesema nenda ukamchukue mtoto, mpumbavu wewe, unakaa na maiti kwa nini?

Au ni mimi ninayetaka aseme hivyo. Sijui. Nimechoka kuwa mtu safi peke yangu.

Jumanne, 2 Julai

Nimesema.

Tulikaa jikoni kwa mama buko. Mjomba, wazee wawili, na mama buko amegeukia ukuta kama inavyotakiwa mkwe akiwepo. Mjomba akauliza kama mwanamke yupo. Nikasema yupo. Neno lilitoka rahisi mno. Nikawasikia wote wakishusha pumzi.

Kisha wakataka kujua ni nani. Sikuwa nimejiandaa. Nilidhani mwanamke tu atatosha. Nikasema ni wa ng'ambo, wa Congo, tulikutana Chisenga, alikuja na unga wa mihogo, amekwisha rudi kwao. Jina? Nikasema Feza. Hiyo ni boti ya kwanza niliyopigilia misumari kule Kasenga, boti ya Mgiriki, jina liliandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu. Ndilo lililokuja mdomoni. Wanawake wanaoitwa hivyo ng'ambo ni wengi sana, nikaona hakuna atakayeumia.

Mama buko alilia. Sikuwahi kumsikia akilia hivyo, hata matangani. Alilia kwa nguvu, akashusha sauti, akapenga kamasi, akamwambia binti yake aweke chungu motoni.

Sikumsaliti Rhoda alipokuwa hai. Leo nimemsaliti.

Jumatano, 3 Julai

Mdogo wake Rhoda amenifunga shanga mkono wa kushoto. Kitu chenyewe ni uzi na shanga chache nyeupe, mtu angekipoteza asijue. Wakanipa ugali na samaki wenye chumvi. Wote tulikula pamoja, mikono imegongana kwenye sahani. Nilikula mpaka nikaona haya.

Kisha wakamweka Mwape mapajani mwangu.

Mzito kuliko nilivyodhani. Ananuka maziwa na moshi. Alinitazama na uso wa kuuliza, akapiga chafya, akalala. Sikujisogeza hata mguu ulipokufa ganzi. Mjomba akanicheka. Wote wakacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba watu wanacheka pamoja.

Jumapili, 14 Julai

Kanisa limenitoa mezani. Mzinzi. Nikae nyuma kabisa karibu na mlango, kikombe hakinihusu mpaka nitakapotubu ipasavyo. Mhubiri alisoma jina langu mbele ya watu.

Baada ya ibada kila mtu alinipa mkono. Kila mtu! Mzee wa kikombe alinishika mabega yote mawili. Mke wa jirani akaniuliza kama nina chumvi.

Jumatatu, 22 Julai

Kazi imejaa. Boti tatu mchangani. Kabwe ameniletea yake nirekebishe aliyoharibu yule wa Puta. Alinipokea nyundo mkononi, vidole vikagusana, tukajifanya hatukuona. Akaniambia ningesema mapema ndugu yangu, tumepoteza msimu. Nikamwambia shika ubao huo vizuri.

Mwape hakohoi tena. Mama buko anamtuma mdogo wake Rhoda amlete kwangu kila jioni, anamwacha kwenye mkeka kando ya kazi. Akiona tezo inapanda na kushuka anacheka. Hana meno.

Nina furaha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 29 Julai

Kabwe ametoka Chisenga kuchukua samaki. Akaniambia kwa utani, akinipiga ngumi begani, kwamba amemwona Feza wangu.

Nikamwuliza Feza gani.

Yupo. Mjane, mtu wa upande wa Kilwa, ile ya ng'ambo ya ziwa, amekaa kambini pale miaka. Hauzi hata unga, anakausha samaki. Lakini ni wa Congo na anaitwa Feza, basi. Habari ilifika kambini kabla hata shanga zangu hazijazoea mkono. Wanawake wamehamisha vichanja vyao vya samaki mbali na chake. Wamemwacha peke yake mwisho wa mchanga. Wachuuzi wanaruka kichanja chake kwenda cha mwingine. Wanasema alimuua mama wa watu akiwa na mimba. Kuna mwanamke aliyemwaga maji kwenye moto wake, mwenyewe akiwa amekaa palepale.

Kabwe akasema mzuri kidogo, lakini mwembamba. Nikaacha kazi nikasema tumbo linaniuma.

Alhamisi, 1 Agosti

Sijaenda Chisenga. Kazi ni nyingi.

Jumanne, 6 Agosti

Sijaenda. Nimesingizia upepo. Upepo umetulia tangu jana, hata watoto wanavuka na mitumbwi.

Najua hasa anachofanya saa hii. Anaongea na samaki wake. Anatafuta sababu ya kupita karibu na watu. Najua anavyojitayarisha kusalimia, kisha mtu anageuza shingo, salamu inabaki mdomoni. Hakuna anayejua haya kuliko mimi, na mimi ndiye niliyemfanyia.

Mwape amejifunza kuvuta shanga zangu. Anataka kuzila.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimekwenda.

Nilipanda boti ya wachuuzi. Kambini walinipokea kama bwana harusi. Nikasimama katikati yao, palipokuwa na nyavu zimetandazwa, nikasema kwa sauti kwamba mwanamke huyu simjui, sijawahi kumwona, jina nililitoa kichwani. Walicheka. Siyo kwa ubaya. Mmoja akawaambia wenzake, "Fundi iko na roho nzuri, angalia, anamuficha muke yake." Nikaapa. Wakacheka zaidi. Kila nilivyoapa nilizidi kumfanya wangu.

Yeye alikuwa mwisho wa mchanga, anageuza samaki. Alisikia yote. Mwembamba, ni kweli, mkubwa kwangu kidogo, amefunga kitambaa kilichoungua pembeni. Nikamwendea. Wakapiga miluzi nyuma yangu.

"Njo wewe?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

Nikasema ni mimi.

"Mi sikujui. Jina yangu uliitosha wapi?"

Nikamwambia kwenye boti.

"Ku boti." Akageuza samaki mwingine. "Mi niko mutu, bwana. Siko boti."

Nilitaka kumsaidia kuongeza kuni, akanizuia na mkono. Akasema hawa watu wa hapa hawana maana, hawatasikia hata niapie mbinguni. "Uende kwa mama ya ule marehemu. Ule njo analia. Ule akisikia, batu yote watasikia."

Nikamwambia nina mtoto kule. Nikamwambia nikisema watamchukua.

Ndipo akanitazama. Muda mrefu. "Mutoto uko naye," akasema. "Mi niko na nani?"

Nikarudi na boti ileile.

Jumatano, 14 Agosti

Jana Mwape aliletwa. Nilicheza naye mpaka akachoka. Nimemwimbia, mimi nisiyejua kuimba. Leo pia.

Kesho naenda kusema. Naogopa. Niliogopa kidogo kuliko hivi nilipokuwa peke yangu, kwa sababu sikuwa na kitu.

Alhamisi, 15 Agosti

Mama buko alikuwa anatwanga. Mwape yuko mgongoni mwake. Nilisimama nje ya ua, nikatazama chini, nikasema. Kwamba hakuna Feza. Kwamba sikuwahi kulala na mtu yeyote tangu nimwoe binti yake. Kwamba nilidanganya ili nimshike mtoto.

Nilidhani atacheka kama wale wa kambini. Hakucheka. Mchi ukasimama. Aliniamini mara moja, nikaliona hilo mabegani mwake. Pengine aliniamini tangu mwanzo.

Akasema, akiongea na kinu, "Basi nani alimuua?"

Mimi sikuwepo. Yeye ndiye aliyempokea mtoto. Yeye ndiye anayepokea watoto wa pwani yote hii, wanamwita kutoka hata Kashikishi. Siku ile alikuwa na binti yake mwenyewe mikononi. Sikuwahi kuliwaza mpaka alipouliza. Nilimfikiria mtoto tu, na Feza, na mimi. Zaidi mimi.

Akaingia ndani na Mwape, akafunga mlango mchana kweupe.

Jumamosi, 17 Agosti

Mjomba amekuja na kisu kidogo. Amekata shanga. Hakusema neno la ukali. Alisema umetudanganya sisi na umemdanganya aliyekufa, kifo hakikutoka, na mtoto umemshika siku zote hizo. Kama akifa ni juu yako. Shanga moja ilianguka mchangani, hakuna aliyeiinamia.

Jioni mkeka ulikuwa mtupu. Nimeukunja.

Jumapili, 25 Agosti

Kanisa limesikia kwamba sikuzini. Nimerudishwa mezani kwa shangwe. Mhubiri amenipa pongezi kwa kusema kweli. Benchi limerudi kuwa langu peke yangu, mwanzo hadi mwisho. Kikombe kikafutwa.

Boti mbili zimeondolewa mchangani kabla sijazimaliza. Ya Kabwe ilikuwa imekwisha. Alikuja kuichukua akasema pole, kutoka kwenye matete.

Jumanne, 3 Septemba

Kabwe amenipigia kelele habari za Chisenga. Mchuuzi mmoja amenunua samaki wa Feza. Mwanamke mmoja amemsalimia. Vichanja bado viko mbali. Amesema tu hayo, na mimi sikuuliza zaidi.

Ni kidogo. Nimefurahi kuliko nilivyotegemea.

Ijumaa, 13 Septemba

Joto limeanza. Kuna jambo nimelisikia kisimani, wanawake hawakujua niko nyuma ya ukingo. Mke wa mvuvi mmoja alishikwa na uchungu juzi. Walimwita mkunga kutoka mbali, wa njia ya Chienge, aliyetumwa akapita nyumba ya mama buko bila kusimama. Wanasema kama hakukuwa na mwanamke, basi ni mikono yake. Wanasema mikono iliyomuua binti yake, tuipe na binti zetu? Wakashusha sauti, wakajaza ndoo.

Nimemwona mama buko baadaye, anapalilia peke yake. Amevaa nguo safi, ile anayovaa akisubiri kuitwa.

Nilitaka kumponya Feza; tulikuwa wawili tunaokimbiwa. Nimemwongeza wa tatu.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimefanya kazi kwenye mtumbwi wangu mwenyewe. Hauna tatizo. Nimetafuta tatizo.

Jumatano, 25 Septemba

Amekuja leo asubuhi, mama buko, peke yake na Mwape mgongoni. Jua lilikuwa bado pole. Nilimwona tangu mbali na sikuamini kwamba anakuja kwangu, kwa sababu hakuna mtu anayekuja kwangu. Alifika mpaka kwenye mtumbwi, akanipa mgongo kama desturi, akakaa upande wa pili. Ubavu wa mtumbwi ukawa kati yetu. Nikaacha kupiga nyundo. Kisha nikaona nikiacha itakuwa vigumu kwake, nikaendelea taratibu.

Wanawake wawili walipita na ndoo, wakatutazama, wakapita. Hakuwasalimia, nao hawakumsalimia. Mimi pia. Sote watatu, na mtoto wa nne, tukawasubiri mpaka walipotokomea. Naona hapa nimeandika vibaya, tulikuwa wawili na mtoto. Lakini Rhoda alikuwepo.

Ndipo akasema. Akiliambia ziwa. Alisema mtoto alitoka vizuri, alilia mwenyewe bila kupigwa. Rhoda aliuliza ni nani, wakamwambia ni msichana, akasema baba yake atajidai hajali. Akacheka. Kisha damu ikaanza. Alisema, "Damu haikukoma. Nilifanya yote niliyofundishwa na mama yangu. Nilifanya na mengine ambayo sikufundishwa. Haikukoma."

Sikuwahi kuambiwa haya. Tangu mwezi wa pili watu wameongea habari za kifo chake, wamekipa sababu na jina la mwanamke na adhabu, na hakuna aliyeniambia alivyokufa. Wala mimi sikuwahi kumwuliza aliyekuwepo.

Nikasema asante, mama. Nililia, na nadhani alisikia.

Alimfungua Mwape mgongoni, akanyoosha mikono nyuma bila kugeuka, akampitisha juu ya ubavu wa mtumbwi. Nilimpokea kutoka mkononi mwake. Hakumweka chini kwanza.

Mtoto ameota jino moja la chini. Nilikuwa sijaliona. Alinitambua au hakunitambua, alishika sikio langu akalivuta. Mama buko akasema amekula uji, asipewe kitu mpaka mchana. Nikasema sawa. Tukakaa hivyo mpaka kivuli cha mtumbwi kikaisha, kisha akamchukua, wakaenda nyumbani.